Viti Vimekwenda Msibani

Kwa Eveline, Kihesa,
Iringa.
Jumapili jioni, mwezi wa saba.

Kwa dada yangu mpenzi, Mwalimu Bertha,

Shikamoo dada. Naanza na magoti yako kabla ya jambo lingine lolote. Yanasemaje na baridi hii? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umevuta kiti karibu na jiko la mkaa, na yule jogoo mwekundu bado hajaingia chunguni. Mimi huku sijambo kabisa. Nakula, nalala, na koti lako la kijani limenikaa vizuri mpaka wanawake wa hapa wananiuliza nimelitoa wapi. Eveline anakuamkia sana, anasema shangazi umemsusa. Kila akiniangalia usoni namwona marehemu kaka yetu, pua ile ile na ubishi ule ule.

Kabla sijafika mbali nina maombi mawili madogo. La kwanza, leo usisome kwa sauti. Wewe ukishika karatasi yoyote, hata ile ya maelezo ya dawa ya mahindi, unasoma kama uko mbele ya darasa la nne na jirani wote wanafaidi. Leo soma kwa macho tu, nakuomba. La pili, aliyekuletea barua hii ametoka mbali, na mzigo aliobeba uliofungwa kwa gunia ni wako, lakini usiufungue mpaka ufike mwisho wa maneno yangu. Usijali hata ukiona miguu ya mzigo inachungulia. Mwache tu hapo nje angoje, hana haraka.

Lipo na ombi la tatu, na hilo ni kubwa. Nataka unipe neno moja, ndiyo au hapana, na neno hilo ndilo litakaloamua nitaishije miaka yangu iliyobaki. Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba jibu bila maelezo ni nusu ya maksi, basi nianzie mwanzo.

Kwanza kabisa, ahsante. Ndaga fijo, dada. Mwaliko huu ulikuwa wako. Eveline alikualika wewe uje uone kwa macho yako yale uliyoyafundisha kwa chaki mpaka ukastaafu: mawe ya Isimila, Kalenga, boma la Wajerumani. Ukasema magoti yamekataa, basi niende badala yako, niwe macho yako, kisha nikuandikie yote kwa barua kwa sababu kwenye simu naongea kama nakimbizwa na wewe husikii vizuri. Nilijua la zaidi. Tangu nimzike mume wangu Ambokile nilikuwa nimekaa tu kwenye ile nyumba kama kabati, na wewe ulichoka kuliangalia kabati. Ulinifungia begi mwenyewe. Ukanivalisha koti lako mwenyewe. Nilipokuwa kwenye basi nililia kuanzia Igawa hadi Makambako, na jirani yangu akadhani nakwenda kuzika. Nilikuwa nalia shukrani.

Basi linapita Chimala, magunia ya mchele yamepangwa kando ya barabara, nikatamani kushuka nikununulie. Halafu Mafinga, misonobari mistari kwa mistari, na malori ya mbao yanayopanda kuja kwetu Mbeya. Ukishafika Ipogolo unaona mji uko juu kilimani umekukalia, na gari linaanza kupanda kona kwa kona. Kumbe dada, kabla ya hapo tulikuwa tumeshapita njia panda ya kwenda Isimila! Kibao kiko pale pale kwenye barabara kuu. Mimi nilikuwa nikimenya ndizi.

Sasa nikueleze habari ya mwenyeji wangu. Eveline alikosa ruhusa kazini. Asubuhi ile nyumbani kwake alikuwepo fundi seremala akitengeneza mlango uliovimba kwa mvua, mzee wa makamo, mgane, Mhehe wa Mafinga anayeishi huku Kihesa kwa sababu ya kazi. Anaitwa Fanueli. Eveline akamwomba amsindikize shangazi yake mjini, maana yeye ni mwenyeji na anajua kila kitu. Fanueli akakubali kwa heshima zote, akavua aproni, akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema twende.

Dada, hajui kitu. Nakwambia ukweli. Ameishi mji huu miaka chungu nzima na hajawahi kuingia hata sehemu moja kati ya zile ulizoniandikia. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni za wageni na watoto wa shule. Siku ya kwanza alinipeleka bomani kwa kuulizauliza njia kwa wauza karanga, mimi nikajifanya sioni. Tulipofika mlangoni akakiri kwamba alishapita nje yake akiwa amebeba milango, madirisha na hata jeneza, ila ndani hajawahi kukanyaga. Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Naye akacheka. Tukaingia wote wageni.

Boma ni jengo zuri, kuta nene kama za kanisa letu la zamani, na ndani ni baridi kuliko nje. Kuna picha za zamani, kuna mikuki, vyungu, vibuyu, na vitu vya nyumbani vya babu zetu na babu zao. Mimi nilisoma kila kibandiko ili nije nikueleze. Yeye alisimama mbele ya kigoda kimoja cha zamani akakiinamia, akakipimapima kwa kiganja hewani bila kukigusa, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Fanueli akasema hakuna tatizo, anaangalia tu jinsi mwenzake alivyofanya kazi. Kisha akanigeukia akaniuliza jambo la ajabu. Aliuliza kama huyo dada yangu ninayemtaja kila dakika magoti yanamuuma akikaa au akiinuka. Nikasema akiinuka. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea mbele. Sikulitilia maanani.

Isimila tulikwenda siku iliyofuata, na tulipotea. Ndiyo, kibao kiko barabara kuu, lakini yeye alijua njia ya mkato. Njia ya mkato ilitufikisha kwenye shamba la alizeti la mama mmoja aliyekuwa akipura maharage. Fanueli akamsalimu kamwene, kamwene, salamu zao zikachukua muda kama ibada, na mwisho mama yule akatuelekeza tulikotoka. Nilikuwa nimekasirika kidogo, viatu vimejaa vumbi. Yeye hakujitetea. Alisema tu kwamba amekosa, na kwamba mtu mwenye haya huuliza njia mapema. Ni mara ngapi, dada, tumemsikia mwanamume akisema amekosa bila kuongeza lakini?

Na Isimila yenyewe! Unakumbuka ulivyonichapa darasa la nne kwa kuandika kwamba Isimila alikuwa mke wa chifu? Safari hii nimeshika adhabu yangu mkononi. Yale mawe uliyokuwa ukituchorea ubaoni, yenye umbo la parachichi, ndivyo yalivyo hasa, ulichora sawasawa. Ila hukutuambia uzito wake. Kijana wa makumbusho alinikabidhi moja, mkono ukashuka. Nikawaza mtu aliyekuwa akilitumia hilo kuchunia nyama, na mkewe akimwambia afanye haraka, watoto wana njaa. Ulifundisha kweli, dada, bila kuona. Nililisema hilo kwa sauti pale pale, kwamba dada yangu alifundisha vizuri, na kijana akaniambia nikuletee salamu zake.

Chini ya bonde kuna nguzo za udongo zimesimama kama watu wanaongoja zamu hospitalini. Tulitembea katikati yake. Nilipojikwaa, Fanueli alinipa fimbo yake, hakunishika mkono. Nakwambia hilo kwa sababu najua utauliza.

Kalenga nitakueleza kwa kifupi kwa sababu pale nilishindwa. Unajua kilichopo. Ulitufundisha jinsi Wajerumani walivyokichukua kichwa cha Mkwawa, na jinsi fuvu lilivyorudishwa nyumbani baada ya miaka mingi. Ni jengo dogo tu. Fuvu liko kwenye kioo. Fanueli alivua kofia akaishika kifuani, na alipotoka nje alikaa kwenye jiwe. Halafu akaniambia habari za marehemu mkewe, kwamba kaburi lake liko Mafinga na kila akienda huko huanza kwa kung'oa majani kaburini kabla ya kusalimia mtu. Nami nikamwambia habari za Ambokile. Nilimwambia hata zile ambazo wewe tu ndiye unazijua, jinsi alivyoomba uji usiku ule wa mwisho akafariki kabla haujaiva. Hakunipa pole ya haraka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema basi aliondoka akijua uji unapikwa. Dada, nimebeba uji ule miaka yote. Siku ile niliutua.

Gangilonga ndiyo ilinimaliza. Ni jiwe kubwa juu ya mji, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wanasema zamani lilisema na wakubwa wao. Tulianza kupanda pamoja, lakini katikati Fanueli akakaa chini, akalishika jiwe kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Mtu mzima, fundi wa mapaa, anaogopa kimo! Akaniomba niende peke yangu nikamtazamie. Nikapanda na koti lako. Juu kuna upepo, mji wote uko miguuni, mabati yanang'aa, mto Ruaha Mdogo unapita kule chini, na milima nyuma ya milima. Nikasema hii ni ya Bertha, hii nimwangalizie vizuri. Nikatega sikio kama jiwe lina neno. Jiwe halikusema. Aliyesema ni Fanueli kule chini, akiita kuuliza kama bado nipo. Akaita tena. Niliitika, dada, na nilipoitika nikatambua kwamba ni muda mrefu hakuna mtu aliyeniita kutoka nje ya chumba akitaka tu kujua kama bado nipo. Isipokuwa wewe.

Sasa umeshaelewa ombi langu linaelekea wapi. Sitakuzungusha zaidi.

Nakiri kwanza jambo dogo. Wiki iliyopita nilikwambia kwenye simu kwamba nimeongeza siku kwa sababu Eveline ana mafua. Eveline hana mafua, ana afya kama ndama. Niliongeza siku kwa ajili yangu. Tulikuwa tumekwenda Soko Kuu, lile la tangu enzi za Wajerumani, kununua kikapu kilichosukwa kwa majani ya milulu kwa ajili yako. Fanueli alikibeba mwenyewe sokoni kote, na wanaume wenzake wakamtania, naye akazidi kukiweka mbele. Pale kwenye vitunguu akasimama akaniambia kwamba yeye si mtu wa maneno, ila angependa tuzeeke pamoja kama nami ningependa. Muuza vitunguu akaacha kupima akasubiri jibu langu.

Nilimwambia Fanueli nina dada. Nikamwambia dada huyo ndiye mama yangu na baba yangu tangu wazee wetu walipoondoka, ndiye aliyenisomesha, akaniozesha, na nilipofiwa akaja na gari kunichukua mimi na masufuria yangu. Mtu anayenitaka mimi hukutana na yeye kwanza. Kisha, dada, nikamsimulia habari za yule tajiri wa Makongolosi.

Unisamehe, lakini ilibidi. Nilimwambia jinsi yule bwana alivyomtuma mshenga wake na barua ya posa, suti imenyooshwa, na jinsi ulivyomkuta mlangoni ukamwambia kwa upole kwamba pole sana, viti vyote vimekwenda msibani, jirani wamefiwa, hivyo hakuna pa kumkalisha. Na viti vyetu vinaonekana pale pale dirishani! Maskini mshenga alisimama karibu na banda la kuku, jua linamwakia utosini, kuku wanamdonoa viatu, mpaka akaaga mwenyewe. Nilicheka siku ile, na sijutii kumkosa bwana yule. Lakini nilijua ni kwa nini viti vilikwenda msibani. Angenipeleka Makongolosi, nawe ungebaki peke yako na magoti yako na redio. Hukusema. Mimi pia sikusema. Leo nasema: nami nisingeweza kukuacha.

Fanueli alicheka sana kuhusu kuku. Halafu akaacha kucheka. Alisema kwao pia haifai mwanamume kujipeleka mwenyewe kuposa, hutumwa watu wazima wakamsemee. Na kaka yake yupo, angeweza kumtuma. Lakini akasema hawezi kumtuma mtu akasimamishwe juani kwa ajili yake. Kama kuna jua la kuchomwa, basi limchome mwenye shida. Eveline alimwambia hiyo si desturi, atachekwa. Akajibu kwamba ameshabeba kikapu sokoni.

Na kuhusu kuhama, msikilize. Hataki nihamie Iringa. Alisema kumtoa mdogo mtu kwenye nyumba ya dada wawili ni kama kung'oa bawaba moja na kutegemea mlango ufungwe. Karakana yake ya Mafinga ameishika mwanawe. Yeye anaomba kuja kwetu Uyole. Mbao za Mafinga zinapita mlangoni kwetu kwenye malori kila kukicha, kazi haitamkosa. Kama utaruhusu atajenga chumba pale lilipo banda la kuku, na kuku atawajengea lao jipya, zuri kuliko walilo nalo. Ni Mlutheri, kwenye kwaya anaimba besi na kwa kweli haimbi vizuri. Kuhusu hasira za Wahehe nilimuuliza waziwazi. Akaniuliza nami kama ni kweli Wanyakyusa hawasafiri bila ndizi, na mimi ndizi zilikuwa mkononi.

Sasa umejua kwa nini nilikuomba usisome kwa sauti. Huyo aliyeleta barua hii, ambaye, nakufahamu, ulishaanza kumtazama kwa pembeni ya miwani tangu habari za boma, ndiye yeye. Ndiye Fanueli. Amekuja peke yake, hajui nimeandika nini humu ila kwamba nimeandika ukweli. Hatakuomba kiti. Nilimwonya kwamba pengine viti vimekwenda msibani tena, akasema haidhuru, amezoea kusimama kazini.

Fungua gunia. Usidhani amejiletea kiti chake. Ni chako. Amekitengeneza usiku kwa usiku tangu siku ile ya bomani, kwa mbao ya mninga, kirefu kuliko vya kawaida, na mikono yake imepandishwa ili ukitaka kuinuka uegemee hapo na magoti yasibebe kazi yote. Alinipima mimi, akanikalisha na kuniinua mpaka nikachoka, kisha akauliza wewe umenizidi kimo kwa kiasi gani. Hata ukisema hapana, kiti kinabaki. Alisema niliweke hilo wazi kabisa: kiti si posa. Ni shukrani kwa mtu aliyemtuma mgeni aje amwonyeshe mji wake mwenyewe.

Mimi nami nakushukuru, dada, kwa jibu lolote. Ukisema hapana nitarudi na basi la Jumatano, nitakupikia ndizi za mbalaga, nitakusimulia Isimila upya, na sitanuna. Nakuapia. Ulinituma niwe macho yako na macho yamerudi yamejaa. Hilo halipungui.

Wasalimie mama Tumaini na wote wa jumuiya, mwambie mchungaji kanisa la huku lina baridi kuliko letu. Jogoo mwache kwanza, huenda akahitajika au asihitajike, wewe ndiye utakayejua. Eveline anakubusu mikono.

Sitapiga simu, nisije nikakuharakisha. Na yeye akirudi sitamuuliza umesema nini. Nitamuuliza kama alikaa.

Mdogo wako akupendaye,
Tumpe